Kichwa Kidogo cha Maman Bisimwa

Tulipomaliza kumzika Bisimwa kule Bagira, watu walishuka kwenda kunawa mikono na kula. Mimi nilibaki nimekaa kwenye kiti cha plastiki kilichozama mguu mmoja kwenye tope, nikiyasema chini chini maneno yasiyo na maana: koti, chumvi, daraja, yai. Mjukuu mmoja wa marehemu alipita karibu, akadhani nasali rozari, akapunguza mwendo kwa heshima. Nilimwacha aamini hivyo. Mwanamke wa umri wangu akichezesha midomo peke yake, basi ama ni sala ama ni uzee, na kwa siku ile nilipendelea iwe sala. Nilikuwa nimelia asubuhi yote na macho yalikuwa yanawasha. Nililia kwa ajili yake, na zaidi kwa ajili ya mama yake, ambaye sijamlilia vizuri tangu miaka ya Zaire, kwa sababu mwaka ule kulikuwa na mambo mengi ya kufanya na kilio changu kiliahirishwa mpaka kikasahau njia ya kutoka.

Miezi michache kabla ya msiba huu binti yangu alinipeleka Kigali, kwenye hospitali moja ambako vijana wasomi walikuwa wanatafuta watu wazima wenye afya, wasiolalamikia kichwa chochote. Walitaka kupiga picha za ubongo wao na kuona kama ukubwa wa vipande vyake unaendana na uwezo wa kukumbuka. Niliposikia hivyo nilicheka mpaka binti yangu akaona aibu. Nilikwenda, lakini si kwa ajili ya sayansi. Nilitaka kuona kwa macho yangu kitu ambacho Docteur Mweze, bosi wangu wa ujanani, alikitamani maisha yake yote na akafa bila kukiona. Waliniingiza kwenye bomba linalogonga kama mafundi wa mabati, kisha kijana mpole akanionyesha kwenye skrini kipande kilichojikunja, kimoja kila upande, chenye unene kama wa kidole changu kidogo. Alisema hicho ndicho kinachosaidia kushika mambo mapya, na cha kwangu kimepungua kiasi, kama inavyotokea kwa watu wa rika langu. Halafu akanisomea orodha ya maneno na kuniomba niyarudie. Nilifungua mdomo vizuri, nikiwa na hakika, nikasema: koti, chumvi, daraja. Kijana aliangalia karatasi yake, akaniangalia mimi. Hakuna hata moja kati ya hayo alilokuwa amelisoma. Nikamwomba radhi, nikatoa maneno yake, karibu yote, naye akafurahi akasema kwa watu wenye afya ukubwa wa kipande hauelezi mengi. Nikamwambia najua, niliambiwa hivyo Bukavu zamani, kabla yeye hajazaliwa.

Mwaka ule nilikuwa msichana niliyetoka shule ya ualimu, jina langu la ubatizo limefungiwa kabatini kwa amri ya serikali kama la watu wote, na mtaani naitwa Citoyenne, yaani mwananchi, Nsimire. Docteur Mweze alikuwa amerudi kutoka Ubelgiji na suti ya abakosti ya kijivu, miwani mizito, na kichwa kikubwa kuliko vyote nilivyowahi kuona juu ya shingo ya mtu. Alipewa chumba kwenye nyumba ya zamani ya wazungu nyuma ya hospitali, chumba chenye mahali pa kuwashia moto ukutani, na dirisha lililotazama ziwa. Pale dirishani alitundika picha za eksirei kwa vibanio vya nguo, vichwa vya watu vimepangwa upande upande, na jua la asubuhi likipita ndani yake ulikuwa unaona ziwa kupitia mifupa ya watu wa mtaa wa Kadutu. Mwanzoni niliogopa. Baada ya wiki chache nilikuwa nakunywa chai chini yao na kuwatambua: huyu ni yule fundi viatu, huyu ni mama wa kwaya. Docteur alipima picha hizo kwa rula, akapima na vichwa vyenyewe kwa chuma chenye mikono miwili iliyopinda, kisha akapiga hesabu ya ujazo wa ndani. Ubongo wenyewe hakuwa na njia ya kuuona kwa mtu aliye hai. Alikuwa akikunja kidole chake kidogo na kuniambia kwamba kumbukumbu ina mlango wake, uko ndani kabisa, una umbo hili, na siku moja watu wataupima bila kufungua kichwa. Kwa sasa, alisema, tutapima nyumba nzima na kukisia chumba.

Kazi yangu mimi ilikuwa maneno. Docteur alileta orodha ya Kifaransa yenye theluji na piano ndani yake, nikamwambia kwa heshima zote kwamba maman wa Kadutu hawezi kukumbuka piano kwa sababu hajawahi kuiona hata aisahau. Alicheka, akanituma sokoni nitafute maneno ambayo kila mtu anayajua na ambayo hayafuatani. Nikarudi na kumi na mawili: koti, chumvi, daraja, yai, sabuni, mvua, kengele, mbuzi, kioo, ngazi, moto, mlango. Nilikuwa namsomea mtu maneno hayo polepole, namwomba ayarudie, kisha namshughulisha kwa mazungumzo kama nusu saa ili asiyatafune kimoyomoyo, halafu namwomba tena. Mtu yule yule alirudi kila mwezi, na orodha ilikuwa ile ile, kwa sababu Docteur alitaka kuona nani anazidi kujenga na nani anabomoka. Wazee wengine walikuja na mashaka. Walikumbuka wazungu waliopita enzi za ukoloni wakipima pua na vichwa, na baadaye wakaamua nani ana akili ya kutawala. Docteur aliwajibu kwamba yeye ni mtoto wa hapa na hatafuti chifu. Walikubali, zaidi kwa sababu kulikuwa na chai ya maziwa na mkate.

Nilipanga chumba Kadutu, kwa mjane aliyeitwa Maman Bisimwa, jina la mwanawe wa kwanza. Nyumba yake ilining'inia kwenye mteremko hivi kwamba ukitoka mlango wa mbele uko juu ya bati la jirani, na mvua ikinyesha maji yalipita uani kama mtu aliyealikwa. Alikuwa mwanamke mdogo, mkavu, mwenye kichwa ambacho kitambaa kimoja kilikizunguka na kubaki. Tulikula bugali na mboga ya lengalenga, siku za bahati samaki wadogo wa ndagala kutoka Uvira, na Jumapili maharagwe aliyoyapika tangu kabla ya misa. Mimi nilipokuwa napepea moto nilikuwa nasema maneno yangu kwa sauti, kwa sababu Docteur alitaka niyasome kwa mwendo mmoja bila kutazama karatasi. Koti, chumvi, daraja. Maman Bisimwa alikuwa anachambua mchele pembeni yangu. Mara nyingine alinong'ona kwamba nyumba yake imegeuka duka la Mhindi.

Kila mtu pale mtaani alijua anachokingoja Maman Bisimwa. Mwanawe, Bisimwa, alikuwa ameingia jeshini bila ruhusa ya baba yake, na baba yule, fundi mwashi mwenye ulimi mkali, alimwambia mbele ya majirani: "Ukivaa ile koti ya serikali, usiniite tena papa." Kijana aliivaa, akapelekwa mbali, Kamina. Baada ya muda baba akaugua. Saa ya kufa aliwatoa watu wote chumbani, akabaki na mkewe, akampa maneno ya mwanawe. Katika ukoo wao maneno ya namna hiyo hayaandikwi wala hayatumwi na mtu. Anayeyapokea anayabeba yalivyo, neno kwa neno, mpaka amwone mwenyewe, amwekee mkono wa kuume juu ya kichwa na kuyasema sikioni mwake. Basi alikuwa anayabeba. Likizo ya Bisimwa iliahirishwa, ikaahirishwa tena, na hakuna aliyejua kama baba alikufa amemsamehe mwanawe au amemfungia mlango kabisa. Kijana mwenyewe, tulisikia kutoka kwa askari waliopita, alikataa kuoa mpaka ajue. Nilimuuliza mama yake siku moja, tukiwa tunamenya viazi, kwa sababu ujana hauna haya.

"Ni mazuri, maman? Ile maneno?"

"Iko ya Bisimwa," alisema.

Hakununa wala hakutabasamu. Alimenya kiazi mpaka mwisho bila kukata ganda, akanipa kingine.

Mimi ndiye niliyemwomba aje kwa Docteur, maana tulikosa wanawake wa rika lake, naye alikuwa mzima kama jiwe la kusagia. Alikuja amevaa kitenge cha misa. Docteur alimzungushia mikono ya chuma kichwani kwa upole sana, akaandika, akapima tena kana kwamba haamini, kwa sababu kichwa chake kilikuwa kidogo kuliko vyote tulivyokuwa navyo. Nilipomsomea maneno alisikiliza macho yakiwa dirishani, kisha akasema: "Koti. Sabuni. Na moto." Basi. Baada ya mazungumzo, alibaki na koti tu. Mwezi uliofuata ikawa hivyo hivyo, na ule mwingine pia, wakati watu wengine walikuwa tayari wanaimba orodha nzima. Docteur alikuwa na karatasi kubwa ya vimraba ukutani, kila mtu ni nukta, ukubwa wa kichwa unakwenda upande, kumbukumbu inakwenda juu. Nukta nyingi zilikuwa zimetawanyika kama kuku waliotupiwa jiwe. Lakini nukta ya Maman Bisimwa ilikaa peke yake chini pembeni, na kwa kukaa pale iliuvuta mstari wote ukainama kama Docteur alivyotaka uiname.

"Citoyenne Nsimire, unaona?" aliniambia, amefurahi. "Huyu maman yako anatupatia trois mots, maneno tatu tu. Na kichwa yake njo ya mwisho kwa udogo. C'est logique!"

Mimi niliona, lakini niliishi naye. Nilijua anakumbuka deni la chumvi la jirani tangu kabla ya uhuru, na majina ya watoto wote waliobatizwa siku moja na wake, waliokufa na walio hai. Jioni moja, kabla jua halijazama, tukiwa uani tunaanua nguo, nilimuuliza kwa nini anatuchezea.

"Sichezi, mutoto," alisema. "Ayo maneno yenu nayasikia, kiisha nayaachilia iende. Kichwa iko sawa kikapo. Ukitia viazi juu ya viazi, za chini zinapondeka, za juu zinaanguka. Na yangu iko kadogo, ule munganga alipima, uliona. Iko na mutu mu ndani. Nikiingiza mbuzi na kengele, papa Bisimwa atakaa wapi?"

"Docteur anasema kichwa haijaaka, maman."

"Anasemaka vile juu kichwa yake iko mukubwa."

Nilicheka mpaka nikaangusha shuka. Yeye hakucheka. Alikuwa anaogopa kweli, na niliiona hofu hiyo mikononi mwake, alivyokuwa anakunja nguo moja mara mbili. Nilimweleza kama nilivyofundishwa, kwamba akili si kikapu, kwamba mtu anayejifunza jipya hapotezi la zamani. Alinisikiliza kwa adabu ile anayompa padri kijana. Kisha akaniomba nisiseme tena maneno yale jikoni. Kuanzia siku hiyo niliyasemea njiani, nikipanda na kushuka Kadutu, na watu walinipisha.

Karibu na mwisho wa msimu wa mvua, asubuhi ya salongo, ile kazi ya lazima ya usafi, watu wote wa mtaa tulikuwa na majembe tunazibua mfereji. Yeye alibaki kuchagua maharagwe. Niliporudi kuchukua maji nilimkuta ameegemea ukuta, maharagwe yamemwagika mapajani, upande wa kulia wa uso umeshuka. Alinitazama kama mtu anayeitwa kwa jina lisilo lake. Nilimbeba na wanaume wawili kwa kitanda mpaka hospitali. Docteur alikuja mbio, amevaa viatu visivyofanana, akamshika mkono wa kulia, akauinua, ukaanguka. Alisema mshipa umepasuka kichwani, upande wa kushoto, upande unaosimamia maneno. Kwa siku nyingi mgonjwa alitoa sauti moja tu. Mara alianza Salamu Maria, akafika kwenye neema, njia ikakatika. Nimejiuliza kama ningeweza kuzuia lolote, na jibu ni hapana. Damu haikumwomba ruhusa mtu. Lakini yeye alilia kwa jicho moja, kila siku, na mimi peke yangu mle chumbani nilijua analilia nini. Alikuwa anatafuta ndani ya kikapu.

Wamisionari walituma habari kwa fonia, redio yao ya upepo, na safari hii jeshi lilimwachia Bisimwa. Alikuja kwa treni mpaka ziwani Kalemie, kwa meli mpaka Uvira, kisha juu ya mizigo ya lori kupitia Kamanyola na ule mlima wa Ngomo. Alifika mchana, mwekundu wa vumbi, na koti lake la jeshi limekunjwa limefichwa kwapani, hataki kuingia nalo. Tulikuwa tumemrudisha mama nyumbani kwa sababu hospitali haikuwa na la kuongeza. Chumbani tulikuwa mimi na baba mdogo wa Bisimwa, mzee aliyekuja kutoka kijijini kushuhudia, maana jambo lile lilihitaji shahidi wa ukoo. Bisimwa alipiga magoti kando ya kitanda. Mama yake alimtambua. Hilo nalisema kwa kiapo chochote. Uso wake, nusu ile iliyobaki hai, uliwaka. Alijaribu kuinua mkono wa kulia, ukakataa. Alijaribu tena. Tuliona bega likitetemeka na vidole vimelala juu ya blanketi kama vya mtu mwingine. Ndipo alipouvusha mkono wa kushoto, akauweka juu ya kichwa cha mwanawe, akamvuta mpaka sikio likafika mdomoni. Akasema.

Hakunong'ona, hakuweza tena kupima sauti. Sote tulisikia. "Koti," alisema, na Bisimwa akashtuka mwili mzima, akainamisha kichwa zaidi. "Chumvi. Daraja. Yai. Sabuni. Mvua. Kengele. Mbuzi. Kioo. Ngazi. Moto. Mulango." Yote, kwa mpangilio, kwa mwendo wangu mimi, hata kwa pumzi ndogo ninayovuta baada ya mvua. Alipomaliza alimtazama mwanawe kwa utulivu ambao sijauona tena kwa mtu. Alikuwa amefikisha. Mimi nilikuwa nimesimama na beseni la maji, na nikatamani sakafu ile ya udongo inimeze, kwa kuwa nilijua maneno yale yametoka wapi, na nilijua yeye hajui.

Baba mdogo alitoka nje, nikamsikia akimwambia mtu pale mlangoni: "Mukono ya kushoto haibarikiaka mutu. Ni ya kunawa nayo, ni ya kufukuza nayo." Alisema si kwa ubaya. Alikuwa mzee aliyeona jambo la ukoo limeharibika na hana pa kulirekebishia. Lakini ukuta ulikuwa wa mabanzi, na Bisimwa alikuwa bado amepiga magoti.

Asubuhi iliyofuata alinikuta nje naosha sufuria. Alikaa juu ya jiwe, mtu mzima, askari, akawa anahesabu kwa vidole.

"Dada Nsimire, papa alitaka kusema nini? Koti, naelewa. Chumvi, naweza kutafuta. Lakini yai? Papa yangu aseme juu ya yai?"

Nilimwambia pale pale. Sikutaka alale usiku mwingine mmoja akitafuta maana ya mbuzi. "Haiko maneno ya papa, Bisimwa. Ni liste ya Docteur. Njo mie nilikuwa namusomeaka maman."

Jogoo wa jirani alipita kati yetu akichakura. Nilingoja anikasirikie, na angekuwa na haki ya kumkasirikia mtu yeyote.

"Nilijua haiko ya papa," alisema mwishowe. "Lakini ni mama njo alinipatia. Sema tena, pole pole, nisipoteze hata moja."

Nikayasema, mikono yangu ikiwa kwenye majivu. Aliyarudia nyuma yangu mpaka yakakaa. Kuhusu mkono hakuuliza, na mimi sikusema. Ningesema nini? Kwamba ule wa kulia ulikuwa umekufa? Alikuwa ameuona kwa macho yake. Mtu anaweza kujua sababu ya jambo na jambo likaendelea kumuuma.

Maman Bisimwa alikufa wiki ile, mchana, tukiwa tumemgeuzia uso kwenye mwanga. Niliporudi kazini Docteur aliniuliza habari, nikamweleza yote. Aliniuliza kwa sauti ndogo: "Yote kumi na mbili? Kwa mpangilio?" Nikamwambia ndiyo. Alikwenda dirishani akaivua picha ya kichwa chake, kile kidogo, akaishika kwenye mwanga kwa muda mrefu, ingawa mimi na yeye tulijua kile anachokitafuta hakionekani mle. Halafu alikwenda ukutani na wembe, akaikwangua nukta ile pembeni, akachora mstari upya kwa penseli. Mstari ulilala karibu tambarare. Vichwa vikubwa vilikuwa na wasahaulifu wao na vidogo vilikuwa na wakumbukaji wao. "Citoyenne," alisema, "mstari ulikuwa unamuegemea yeye tu." Alivua miwani akaifuta, akaifuta tena. Tuliendelea na kazi mpaka mwaka ukaisha, kwa sababu watu walikuwa wamezoea chai, lakini hakuniomba tena nisome kwa furaha ile.

Bisimwa alirudi jeshini. Alioa akiwa amechelewa, na nadhani alioa kwa uchovu wa kungoja. Mtoto wake wa kwanza wa kiume alikufa kwa surua, na siku ya matanga nilimwona akiutazama mdomo wa baba yake mdogo, mzee yule akigawa pombe ya ndizi, kana kwamba sentensi ile ya mlangoni ingetoka tena. Alipoachishwa jeshi bila chochote nilimwona hivyo tena, kama mtu anayehesabu laana. Miaka yote tulipokutana, barabarani, misani, wakati wa vita tulipolala watu wengi kwenye darasa moja, aliniomba jambo moja: nimsikilize. Aliyasema maneno kumi na mawili, nami nilitikisa kichwa kwamba ni sawa. Maneno ya baba yake halisi sijui yalikuwa nini. Yalikuwa baraka au yalikuwa kufuli, yamezikwa Kadutu kwenye kichwa kidogo kuliko vyote, na kadiri ninavyozeeka ndivyo ninavyoomboleza zaidi kwamba mama yule aliyakinga maneno ya mwanawe kwa kukataa kujifunza, na bado haikutosha.

Mwezi uliopita Nabintu, binti yake wa kwanza, alinipigia simu kwamba baba yake ananiita. Nilipanda mpaka Bagira. Ini lilikuwa limemmaliza, lakini macho yalikuwa yake na akili ilikuwa yake, na alinitania kwamba nimekuja kumsahihisha. Chumba kilijaa watu wa ukoo, wana wa yule baba mdogo wamesimama ukutani. Aliomba maji. Alikipokea kikombe kwa mkono wa kulia, akanywa kidogo, akaendelea kukishika. Akamwita Nabintu apige magoti. Binti alipiga magoti upande ule wa kikombe, akanyoosha mkono akipokee ili kumwachia baba nafasi. Bisimwa alitikisa kichwa.

"Papa, mukono ya kuume," mmoja wa wale wa ukutani alisema taratibu, akidhani mgonjwa amechanganyikiwa.

Bisimwa aliuvusha mkono wa kushoto juu ya kifua chake, ukafika juu ya kichwa cha binti yake, ukatulia pale. Akamvuta mpaka sikio likafika mdomoni. Yeye alinong'ona kama inavyopaswa, hakuna aliyesikia, lakini mimi nilikuwa naitazama midomo yake na nilikwenda nayo, koti, chumvi, daraja, yai, mpaka pale kwenye pumzi ndogo baada ya mvua, mpaka mlango. Nabintu alikuwa analia. Na mkono wake Bisimwa wa kulia, mzima, wenye nguvu zake, ulikuwa umelala juu ya blanketi, umeshika kikombe, na maji ndani yake hayakutikisika.